Tulivyolipua Ekzosi Barabara ya Manyovu

Nakumbuka mteremko mmoja, mwanangu, wa kutoka Kalinzi kwenda Manyovu, na mpaka leo natamani siku ile ningeupita kwa miguu. Nimesikia wewe na wenzako mmepanga safari ya pikipiki huko milimani. Nendeni. Mimi si mzee wa kuwanyima vijana raha. Magoti yangu yangekubali, ningewaomba nafasi ya nyuma. Lakini kofia hiyo iweke chini kwanza, nikusimulie jambo ambalo hata mama yako sijapata kumwambia, kwa aibu.

Ilikuwa miaka ya tisini, ile miaka ya wakimbizi wa Burundi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, bwana shamba, na ofisi ilinipa pikipiki ya kuzungukia vijiji. Mafuta ya Jumapili yalitoka wapi, usiniulize. Nilikuwa na marafiki wawili. Hamisi alikuwa fundi seremala wa Ujiji, mwenye maneno mengi kuliko misumari, na pikipiki yake aliirithi kwa baba yake. Filemoni alikuwa mwalimu, amehamishiwa kwetu kutoka Upare, na joto la Kigoma lilimtesa mpaka akawa anasema hapumui vizuri asipoona mlima. Kila Jumapili akitoka kanisani tulikutana Katubuka, tukapita Mwandiga, tukapanda.

Lami hamna wakati huo. Ni udongo mwekundu, kona juu ya kona, migomba na kahawa huku na huku. Ukifika juu ukigeuka unaliona ziwa lote limelala chini, na ng'ambo yake milima ya Zaire, kama tulivyoiita Kongo zamani. Tulikuwa tunazima pikipiki pale, tukalitazama.

Sasa sikia ujinga wetu. Pikipiki ikiwa kwenye gia inateremka, ukizima swichi, injini inaendelea kuzungushwa na gurudumu, na mafuta mabichi yanajaa kwenye ekzosi. Ukiwasha swichi tena, yanalipuka kwa mkupuo: pa! Mlio unagonga mlima wa pili na kurudi. Watoto wa vijijini walitupenda kwa mchezo huo. Wakituona tu wanapanga mstari barabarani, wanapiga kelele, “Lipua! Lipua!” Nasi tukalipua, tukavimba vichwa.

Jumapili hiyo tulisimama Kalinzi kunywa chai kwa mama mmoja mwenye mgahawa. Alitujua. Alipotumiminia chai akasema, “Wanangu, leo huko mbele teremkeni taratibu, na hiyo milio yenu iacheni. Kuna wageni njiani. Wamevuka mpaka tangu alfajiri na wamechoka sana.”

Hamisi akamjibu, “Mama, wageni si ndio wanaopigiwa ngoma?”

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, mpaka chai ikanipalia. Yule mama hakucheka. Alifuta meza, akaenda zake jikoni.

Nilitangulia mimi. Mteremko ule una kona tatu, na ya tatu huoni kilicho mbele mpaka umefika. Kabla ya kona ya pili nikazima swichi, nikahesabu moyoni, nikawasha. Pa! Nyuma yangu Hamisi akajibu mara mbili, Filemoni naye mara moja. Bonde lote likaitika. Niliona raha, mwanangu, sitakudanganya. Nikaingia kona ya tatu ninacheka.

Hapakuwa na mtu.

Palikuwa na vitu. Sufuria ya maharage juu ya mafiga matatu, moto unawaka na maharage bado yanachemka. Mikeka. Godoro limefungwa kamba. Baiskeli imelala ubavu, gurudumu linazunguka. Ndala moja ya mwanamke. Kanga ya kubebea mtoto, imefunguka, katikati ya barabara. Ungesema watu wamenyakuliwa na mbingu. Nilifunga breki, nikabaki nimekaa juu ya pikipiki. Sikuelewa. Wallahi, kwa nukta kadhaa sikuelewa ni nini kimewakimbiza wale watu.

Ndipo nikamwona mzee. Alikuwa amekaa kwenye jiwe kando ya njia, mguu wake mmoja umefungwa matambara, ndiyo maana hakukimbia. Mvi kichwa kizima. Umri wa babu yangu mzaa baba. Alikuwa ameinua mikono yote miwili juu. Akanitazama usoni, akainamisha kichwa, akaniambia, “Shikamoo, mzee.”

Mimi! Mtoto wa juzi, ndevu hazijanijaa, ninaamkiwa na babu! Tangu nizaliwe sijawahi kusikia kitu kibaya namna ile. Matusi nimetukanwa, kofi nimepigwa, lakini shikamoo ya mzee yule ilinikata maini. Akaongeza, “Tusamehe, mzee. Hatuna kitu. Ni wanawake na watoto tu.”  Ningeitikaje? Marahaba?

Nikashuka, nikapiga magoti pale pale vumbini, nikamwambia kwa Kiha, lugha yetu, maana Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwamba sisi si askari, hatuna bunduki, ni ekzosi tu ya pikipiki, tulikuwa tunacheza.

Alishusha mikono polepole. “Mnacheza,” akasema. Hakuuliza, alirudia tu.

Hapo mwanamke akapanda kutoka bondeni, miguu imechanika kwa miiba, analia, “Mwana wanje! Mwana wanje!” Mtoto wake wa kiume, wa miaka minne, alimponyoka mkononi wakati wanakimbia, na chini kule kulikuwa na korongo lenye maji ya kasi. Mimi nikaruka kutaka kwenda kumtafuta. Mzee akanizuia.

“Kaeni chini nyote watatu. Watu wangu wamelala majanini wanawatazama. Mkisimama, watakimbia mbali zaidi, wataingia majini.”

Tukakaa barabarani, mikono wazi juu ya mapaja. Nikamuuliza mzee kwa nini yule mama haiti jina la mwanawe kwa nguvu. Akanijibu kama anayesema habari za kawaida kabisa: “Amemfundisha asiitike. Amemwambia, ukisikia mlio, lala, ziba mdomo, usiitike hata mimi nikikuita. Huenda wenye bunduki wamenishika, nao ndio wanaoniamuru nikuite.”

Filemoni, mwalimu wa watoto, akafunika uso kwa viganja akalia kwa sauti. 

Tulikaa hivyo mpaka maharage yakaungua, hakuna aliyethubutu kwenda kuyaepua. Mmoja mmoja watu wakaanza kutoka majanini, wanatuzunguka kwa mbali. Mtoto hakutoka. Mwishowe mzee akatuambia tuvue viatu, twende, lakini tusiseme. Tukashuka peku, tukipekua magugu kwa mikono, ukingo wote wa lile korongo. Kila nilipoona kitu cheusi majini niliinama nikakishika. Nilimwomba Mungu waziwazi, midomo inacheza: mtoto huyu akiwa amekufa, nimemuua mimi, na nimemuua kwa kucheka.

Nikamkuta. Alikuwa amejibana chini ya mizizi, maji yamemfika kifuani, viganja viwili juu ya mdomo. Aliniona. Hakupiga kelele. Alifumba macho yake kwa nguvu, akangoja.

Aliningoja mimi, mwanangu. Alingoja nimfanye nilichokuja kukifanya.

Sikuweza kumgusa. Nilirudi nyuma, nikampungia mkono mama yake. Akaja mbio, akaingia majini, akamkumbatia, na mtoto hakufumbua macho mpaka aliponusa nguo ya mama yake. Mama hakunishukuru, hakunitukana. Alinipita nilipokuwa nimesimama kama mti wa njiani.

Tulipopanda juu nikamwendea mzee kuomba radhi. Nikasema, “Babu, hatukujua.”

Akaniuliza, “Huko nyuma mlikotoka, hakuna aliyewaambia kuwa njiani kuna watu?”

 Nikasema, “Tuliambiwa.”

“Ego,” akasema, ndiyo ya kwao na ya kwetu. “Basi.”

 Afadhali angenichapa kwa fimbo. Tulizisukuma pikipiki kwa mikono kupanda kona zote tatu mpaka Kalinzi, hakuna aliyewasha wala aliyekumbuka kuvaa viatu. Tulipopita pale mgahawani, yule mama alitutazama miguu yetu peku, akaelewa, akatuletea maji ya kunywa.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, nasi huusema msemo huo kila siku mpaka umekuwa wimbo. Wakasema pia aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Hapo kosa si la jani. Jani halina akili. Wewe unayo. Nyoka aliyewauma watu wale sikumfuga mimi, lakini niliambiwa wameumwa, nikawatikisia jani usoni nikicheka. Neno “sikujua” ni la yule ambaye hakuambiwa. Ukishaambiwa, mwanangu, usilitumie, litakugeukia.

Kwa hiyo panda milima yako. Furahi, maana ujana ni wako. Ila mtu akikwambia taratibu, hata akiwa mwuza chai, teremka taratibu kwanza, kucheka utacheka baadaye. Usipime kitu kwa namna kinavyokufurahisha wewe uliyekishika. Fikiria namna kinavyomfikia aliye upande wa pili wa kona, ambaye humwoni na hujui ametoka wapi. Na siku ukimtisha mtu, usimwambie ulikuwa unacheza. Piga magoti, vua viatu, umsaidie kutafuta alichopoteza.

Haya, chukua kofia yako. Mungu akulinde kona kwa kona, wewe na wenzako, akurudishe mzima kwa mama yako. Na akujalie jambo hili nililonyimwa mimi siku ile: watu wakusikie unakuja, na watoto wao waendelee kucheza.