Kukaa na Ngamia Aliyefiwa

Nakumbuka asubuhi moja kule kijijini kwetu Bute, mwanangu, nimechuchumaa kando ya ngamia aliyefiwa na ndama wake, na ngamia amenigeuzia shingo kana kwamba mimi ni upepo tu. Nilikuwa kijana ambaye ndevu hazijaamua kuota. Leo ndevu hizo nazipaka hina, na asubuhi ile bado haijaniachia.

Nakuandikia kwa sababu ya swali uliloniuliza juzi, tuliposimama nje ya nyumba yenu hapa Garissa. Mama yako, dada yangu Halima, amerudishwa nyumbani kutoka hospitalini, na daktari amesema hana zaidi la kufanya. Ukaniambia huwezi kukaa naye chumbani. Unaingia, unamwekea maji, unanyoosha shuka, unatoka. Ukaniambia umeweka kitu kwenye simu, sauti ya mwanamke mpole inayofundisha kutafakari. Inakuambia ufumbe macho, ufuate pumzi, ujione umekaa ufukweni.

"Abti," ukasema, neno letu la mjomba, "mimi bahari sijawahi kuiona. Nikifumba macho namwona mama amekufa tayari."

Kisha ukacheka, kile kicheko kisicho na furaha ndani yake, ukaniuliza mtu anayeanza anaanzaje.

Mimi si mtu wa kuulizwa mambo kama hayo. Shule niliiacha mapema kwa sababu dirisha la darasa lilikuwa zuri kuliko ubao. Nimekuwa utingo wa malori ya mifugo, nimebeba magunia kwenye kambi ya wakimbizi ya Ifo, nimetengeneza tuktuk ambazo hazikutengenezeka. Kila nilipofika niliuliza maswali mpaka watu wakaninyima chai. Nimewauliza masheikh, nimewauliza manesi, nimemwuliza mtu aliyetoka jela: unakaaje na nafsi yako bila kuikimbia? Walinijibu vizuri wote. Lakini aliyenifundisha kweli ni ndugu ya mama yangu, Abti Hirsi, na yeye hakujua kwamba ananifundisha. Alikuwa anataka maziwa tu.

Mwaka ule mvua ilikosekana, tukasubiri nyingine, nayo ikakosekana. Nilikuwa naendesha pikipiki ya kubeba abiria mjini, nikaitwa nyumbani. Nilikuta zizi la miiba lile lile, ila ndani lilikuwa tupu kiasi kwamba ungeweza kusikia nzi. Wanyama walikuwa wamelala kando ya njia ya kisima, wamekauka, ngozi zimeshikana na mbavu. Alibaki ngamia mmoja mwenye maziwa, jike jeupe tuliyemwita Addey, na ndama wake alikuwa amekufa siku iliyotangulia.

Nyumbani kulikuwa na mtoto. Jina lake Hodan, mdogo wetu wa mwisho, bado hajaota meno. Mama alikuwa ameishiwa maziwa kifuani kwa njaa. Dukani maziwa ya unga yalikuwa yamekwisha, na lori la msaada lilikuwa habari tu ya watu kuhadithiana. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kabisa: Addey akitoa maziwa, Hodan anaishi. Asipotoa, basi.

Ngamia, kama hujui wewe uliyezaliwa mjini, hatoi maziwa kwa yeyote. Kwanza ndama huletwa anyonye kidogo, mama amnuse, ndipo aachie. Ndama akifa, wenyewe huichuna ngozi yake na kuihifadhi, halafu huiweka chini ya pua ya mama. Hapo ndipo mkamuaji anatakiwa awe mtu anayefahamika na mwenye utulivu. Mkamuaji wetu alikuwa Abti Hirsi, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika kisimani, umefungwa kwa vijiti. Nikabaki mimi.

Niliiweka ngozi, nikashika kiwele, nikavuta. Hakuna. Nikavuta tena. Addey akanisukuma kwa paja. Nikampiga kofi, nikamtukana, nikavuta kwa mikono miwili.

"Waryaa, wewe kijana!" Abti Hirsi aliita kutoka langoni mwa zizi. "Huyo si pikipiki. Humpigi teke akawaka."

"Anakataa, abti!"

"Hata mimi ningekataa. Unanuka petroli, na moyo wako unapiga kelele mpaka huku nausikia. Toa hilo shati. Jipake vumbi la zizi. Kisha kaa."

"Nikae nifanye nini?"

"Ukae."

"Mtoto analia, abti! Humsikii?"

"Namsikia kabla yako. Kaa."

Nilijipaka vumbi na samadi mpaka dada yangu Halima, mama yako huyo, ambaye alikuwa msichana mwembamba amesimama na chombo cha maziwa mkononi, akaziba mdomo asicheke. Ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka mwaka ule. Nikakaa. Addey naye sasa alikuwa amepiga magoti, ngozi ya mwanawe mbele yake, anainusa na kutoa sauti ndogo ya kooni, kama mtu anayeanza kusema jambo halafu anaghairi. Nikatazama ubavu wake ukipanda na kushuka. Mara nikawa mjini. Nikawa juu ya pikipiki yangu, nafikiria aliyebaki nayo kama anaiharibu.

"Umekwenda wapi?" akauliza Abti Hirsi.

"Nipo hapa."

"Mwili upo. Wewe umekwenda. Rudi."

Nikarudi kwenye ubavu wa ngamia. Ukapanda, ukashuka. Nikaenda tena, safari hii kwa Hodan, nikamwona amefunikwa kitambaa cheupe. Abti Hirsi akaona bega langu likikakamaa. "Rudi," akasema, kwa sauti ile ile. Hakukasirika hata mara moja, mwanangu, na kwa mtu aliyejulikana kwa hasira hilo lilinishangaza. Nilikwenda, akaniita. Nilikwenda, akaniita. Ilikuwa kazi ya kipuuzi kuliko zote nilizowahi kufanya, na mtoto alikuwa analia upande wa pili wa miiba.

Nikaanza kuomba kwa sauti: Ewe Mola, tupe maziwa, tupe maziwa.

"Mtaje Mungu," akasema, "lakini acha kupatana naye bei. Mtaje tu. Yeye anajua kuna mtoto."

Basi nikalitaja jina la Mwenyezi Mungu kila ubavu ulipopanda, nikanyamaza uliposhuka. Macho yalikuwa wazi. Jua lilipanda, kivuli cha miiba kikafika miguuni pangu kikapita. Siwezi kukuambia kwamba amani iliniingia. Watu husema hivyo, na labda kwao ni kweli. Mimi nilihisi kitu kingine: niliona kwamba yule ngamia ana huzuni. Ni jambo dogo na la wazi, lakini tangu nifike nilikuwa sijaliona, kwa sababu nilikuwa namtazama kama bomba lililoziba. Nilisahau maziwa. Kwa muda mfupi, wallahi, niliyasahau.

Addey akasimama. Akaigeuza shingo, akaninusa kichwani, pumzi yake ya moto yenye harufu ya majani makavu. Nami nikasimama taratibu, mguu mmoja nimeukunja juu ya goti la mwingine kama wakamuaji wafanyavyo, Halima akanipa chombo nikakiweka juu ya paja. Maziwa yakaja. Membamba, machache, lakini yakaja.

Ningependa niishie hapo. Ningekuwa mzee mwongo anayependwa na watoto wa watu.

Hodan alikunywa. Kwa siku chache alikunywa, na kila asubuhi nilikaa na Addey mpaka anikubali. Kisha asubuhi moja Addey akapiga magoti na hakuinuka tena. Hatukumpiga wala hatukumvuta mkia ili ainuke, kama tulivyowafanyia wengine. Abti Hirsi alimwekea ngozi ya mwanawe karibu na pua, akaondoka, na nikamwona akifuta uso kwa ule mkono wa vijiti.

Hodan alimfuata baadaye kidogo. Mama alikuwa amelala kwa udhaifu, hajui jua wala kivuli. Mtoto alikuwa mikononi mwangu. Miguu yangu, mwanangu, ilitaka kukimbia. Mimi ndiye niliyekuwa naondoka kila mahali, shuleni, kazini, kwenye mazishi ya watu. Nikatafuta pa kumweka nitoke. Ndipo nikamwona kifua chake kinapanda, kinashuka, kidogo kama cha ndege, na kichwani mwangu nikasikia: rudi.

Nikakaa. Akapumua, nikapumua naye. Nikaenda, nikarudi. Akapumua, nikapumua naye. Kisha nikasubiri pumzi yake, na haikuja, na nilikuwepo.

Baada ya kuzika nilimwuliza Abti Hirsi, "Kukaa kote kule kumesaidia nini?" Nilitaka anijibu kitu kikubwa. Alikuwa anavunja miiba ya zizi kwa mkono mmoja, maana hakukuwa tena na mnyama wa kuzungushiwa.

"Sijui," akasema. "Hakufa peke yake."

Akaendelea na miiba yake.

Nimezunguka sana tangu siku hiyo na sijapata jibu linalozidi hilo. Sitakudanganya kwamba linatosha. Kuna jioni hapa Garissa nakaa nyuma ya soko la mifugo nikitazama ng'ombe wakicheua, na moyoni hamna kitu, giza tupu, nikainuka nilivyokaa. Kesho yake nakaa tena.

Sasa nakuambia mtu anaanzaje. Izime hiyo simu. Achana na bahari, si yako. Ingia chumbani kwa mama yako na macho yako wazi, kaa chini ambapo unamwona kifua, usishike shuka wala glasi. Fuata pumzi yake ikipanda na ikishuka. Utakimbia. Utakwenda kaburini kabla ya wakati, utakwenda kwenye mitihani yako, utakwenda kwa kaka zako na maneno yao. Ukijiona umekwenda, usijitukane. Jiite kwa sauti ya kawaida, urudi. Ukiweza kidogo tu leo, inatosha, toka ukanywe chai. Usikae ili apone, wala usikae ili wewe utulie. Ukikaa kwa sababu hizo utakuwa unavuta kiwele cha ngamia mwenye huzuni. Kaa kwa sababu yupo. Na giza likikuzidi, usilikalie peke yako, nipigie hata kama ni usiku, nije tukae wawili. Mama yako alinishikia chombo siku ile, nami nina deni la kukaa ambalo silikimbii tena.

Mungu akupe kifua kipana na miguu mizito, mwanangu. Akufanye uwepo pale utakapotamani usiwepo. Ampunguzie dada yangu uchungu, aifanye pumzi yake iwe nyepesi, na ile ya mwisho itakapokuja, ikukute umerudi.