Vitunguu vya Maua vya Mama Ngalula

Harufu ya jani la kitunguu likivunjwa vidoleni, harufu ile mbichi inayochokoza pua kabla ya kufika machoni, mimi hainipeleki jikoni. Inanipeleka Kamina, kwenye ukuta wa nyumba ya matofali ya watu wa reli, upande uliopigwa na jua tangu asubuhi. Sokoni watu hunishangaa: mama mzima nimesimama na fungu la vitunguu mkononi, machozi yananilengalenga, na kisu bado sijakishika. Muuzaji hudhani ninalilia bei. Namwacha adhani hivyo.

Nyumba ile ilikuwa ya Mama Ngalula. Zilikuwa enzi za Zaire, na mumewe, Papa Mukendi, alikuwa na cheo pale stesheni, ndiyo maana walipewa nyumba yenye bomba uani na sakafu ya saruji. Sisi tuliishi nyuma yao, kwenye vyumba viwili vya wafanyakazi wadogo. Baba alikuwa chini ya Papa Mukendi kazini, na alichokijua kuhusu kazi ile alifundishwa naye.

Chini ya ukuta wa jua Mama Ngalula alikuwa na tuta refu la maua ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo mtaani. Yalikuwa ya ukoo wa vitunguu, lakini hayakuliwa. Mbegu alipewa na masista wa misheni. Majani yalitoka mabapa na ya kijani kizito, halafu katikati likapanda bua moja jembamba, na juu yake kikafunguka kichwa cha mviringo, vijiua vidogo vya zambarau vimebanana kama watu kwenye behewa. Hayakupenda udongo unaoshika maji, kwa hiyo Papa Mukendi alikuwa akirudi kazini na kokoto za reli ndani ya ndoo ya chakula, uso umemkauka kama mtu aliyebeba maharage tu. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwanamke mwenye watoto kupanda vitunguu visivyoingia chunguni! Mama yangu alicheka pia, lakini jioni alikuwa akienda kusimama pale na Mama Ngalula, mikono nyuma, wakiyatazama.

Mwaka mmoja, mwishoni mwa kiangazi, yakaanza maneno: watu wenye asili ya Kasai, mkoa mwingine, warudi kwao. Yalianzia mikutanoni, yakaingia sokoni, mwisho yakafika barabarani kwetu pamoja na vijana wenye fimbo. Mama Ngalula na mumewe walikuwa wa Kasai kwa ukoo, lakini yeye alizaliwa Kamina. Huko "kwao" alikoambiwa arudi hakuwahi kukuona. Waliondoka na vile walivyoweza kubeba kichwani, wakaenda kungoja treni pale stesheni, na treni haikuja. Watu walijaa kwenye kando ya reli na masufuria yao, wakatandika mikeka, wakafunga mashuka yawe kivuli.

Nyumba haikukaa tupu. Wakubwa wa kazi walimpa baba cheo cha Papa Mukendi, na cheo kilikuja na nyumba. Baba hakuiomba. Hakuikataa pia. Tulihamia mchana kweupe, na niseme ukweli, nilifurahi sana. Nilifungua bomba na kulifunga, nikalifungua tena, mpaka mama akanipiga kofi la mgongo. Halikuwa kofi la kuchezea maji, lakini wakati ule sikujua.

Kuanzia hapo, kila siku mama alipika bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, akafunga sufuria kwa kitambaa, akanituma stesheni kwa Mama Ngalula. Yeye mwenyewe hakuenda. Kulikuwa na sharti moja, na alilirudia kila siku akinikazia kitambaa cha kichwa.

"Akikuuliza tunaikala wapi, sema tuko palepale. Umesikia, Ngoie?"

Mama Ngalula hakuniuliza hata siku moja. Alipokea chakula, akawagawia watoto wake, akaniosha uso kwa ncha ya kikwembe chake, kitenge alichojifunga, kama alivyokuwa akifanya zamani. Mimi nilikaa pale nikiwa nimelibana jibu langu mdomoni, la uongo, tayari kulitoa.

Kabla ya mvua mama aliamua kupanda lengalenga, mchicha wetu, kwenye lile tuta chini ya ukuta. Aliinua jembe, akachimba mara chache, na kitunguu kimoja kikatoka kimekatwa katikati. Harufu ilipanda. Mama alichuchumaa, akakiokota, akakinusa. Kisha akaweka jembe kando, akakirudisha udongoni na vipande vyake viwili, akafukia kwa viganja. Lengalenga tulipanda nyuma, kwenye kivuli, zikakonda.

Mvua ya kwanza ilipiga mabati mchana tukila. Sisi watoto tulishangilia. Mama aliacha kula, akaangalia upande wa stesheni, kule ambako juu ya watu hapakuwa na mabati. Baba naye alisukuma sahani. Mimi nilimalizia nyama ya baba.

Maua yalichanua. Yalichanua vizuri kuliko mwaka wowote, kwa sababu ya mvua au kwa sababu mama aliyahudumia kama mgonjwa. Basi asubuhi moja, sufuria ikiwa kichwani, nilikata machache nikayachukua stesheni. Mniamini, sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa nimekatazwa kusema habari za nyumba. Habari za maua sikukatazwa. Niliona tu kwamba maua ya Mama Ngalula yamefunguka na mwenyewe hajayaona.

Aliyapokea kwa mikono miwili. Akanusa pale nilipokata.

"Ni weye njo ulikata?"

"Ni minyi, mama."

"Na mama yako iko anamwanga mayi kila siku?"

"Kila siku."

"Ile iko mingi. Haipende mayi ya kila siku." Akayalaza maua mapajani. Kisha akanishika kidevu, si kwa hasira. "Ngoie, umwambie mama yako, chakula yake iko nzuri. Lakini kesho akuye yeye mwenyewe. Weye uko mutoto, hii haina kazi yako."

Nilimpelekea mama maneno yale kama yalivyo. Nilidhani nitapigwa. Mama aliketi kizingitini, akafunika uso kwa mikono yenye unga.

Kesho yake alivaa kikwembe chake cha kanisani. Njiani alitembea polepole, akisimama kusalimia watu ambao siku nyingine asingewaona. Tulipofika, Mama Ngalula alisogeza mzigo wake, akapangusa mkeka.

"Karibu, Mama Ngoie. Ikala."

Mama aliketi ukingoni. Alifungua mdomo. "Mama Ngalula, ile nyumba..."

"Maua ikiisha, usikate majani," mwenzake akamkatiza, kwa sauti ya mtu anayezungumza uani kwake. "Acha ikauke yenyewe. Majani njo inalisha kitunguu kule chini. Na kiangazi usiguse, iko inalala."

"Ndiyo, mama," alisema mama yangu, kama mtoto wa shule.

Walizungumza maua mpaka jua likapanda. Kila mama alipojaribu kurudi kwenye habari ya nyumba, Mama Ngalula alirudi kwenye kokoto. Siku chache baadaye treni ilikuja, ikawachukua wote, na habari zao hatukuzipata tena.

Miaka mingi nilidhani kwamba siku ile mama alisamehewa, na nilijivuna kidogo kwamba maua niliyopeleka mimi ndiyo yaliyowapatanisha. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba mama alikwenda pale akitaka kutukanwa. Angetukanwa mbele ya watu, angelia, angerudi amepunguza mzigo. Mama Ngalula hakumpa. Alimkaribisha kwenye mkeka wake, akamkabidhi kazi, na kazi ile mama aliifanya mpaka alipozeeka, bila kukata jani moja kabla ya wakati wake.

Tuliishi katika nyumba ile hata baada ya Zaire yenyewe kuacha kuitwa Zaire. Watu wa kanisani wakimwuliza mama anakwenda wapi, alijibu, "Ninarudi kwa Mama Ngalula." Hakuwahi kusema "kwangu". Mimi nilisema "kwetu" tangu siku ile ya bomba.