Mama Ameota Meno Mapya

Kiti cha magurudumu cha mama kilikaa sebuleni kwangu, Kamunyonge, Musoma, tangu tulipomzika. Watoto walikipita kwa mbali, na mimi nilikuwa nakifuta vumbi bila kukiangalia. Mwisho nikachoka. Kwa kuwa nauza vyombo na nguo mtandaoni, nikakipiga picha na kuandika ukweli wote: kilikuwa cha mama yangu, ameshafariki, magurudumu ni mazima. Nikaongeza kwamba namtaka mtu mwenye shida ya kweli, madalali wanipishe.

Mwanamke mmoja wa Butiama akanitumia ujumbe wa sauti. Alikuwa mpole, anaongea kama mtu ambaye mikono yake iko kwenye kazi nyingine. "Dada, hicho kiti nakihitaji. Mama hawezi kutembea. Hata kutoka nje tu, mpaka nimbebe." Hakuomba kupunguziwa. Alilipa palepale, na ujumbe wa malipo ukaja na majina matatu ya kike. Nikakikunja kiti, nikakifunga kwa viroba na kamba, nikakipeleka kwenye gari la Butiama. Jioni akaandika kwamba kimefika salama.

Kesho yake mambo yakaanza kwenda kombo. "Dada, kiti ni kubwa. Mama anapotea ndani yake." Nikamuuliza mtu mzima anapoteaje kwenye kiti. Akajibu taratibu tu, "Mama ni mwepesi. Namnyanyuaga kwa mkono mmoja."

Sisi wauzaji mchezo huo tunaujua. Mteja anapokea mzigo, anautafutia kasoro, halafu anawapigia watu wa mtandao wa simu na kudai hela aliituma kimakosa. Hela inarudi kwake na mzigo unabaki kwake. Kichwa kikapata moto. Hela ningeisamehe kwa kununa kidogo, lakini kile kiti mama alikikalia mpaka siku zake za mwisho, na nisingekubali tapeli akichezee. Nikaapa nitakifuata mwenyewe na kukirudisha nyumbani.

Nikaeleza kwenye kundi letu la wauzaji, nikaweka na lile jina la malipo. Mwenzetu mmoja wa Bunda, aliyezaliwa Butiama, hakuandika. Alinipigia.

"Shoga, hilo jina umelitoa wapi? Huyo bibi alishafariki. Msibani nilikuwepo, nilipika pale mpaka matanga yakaisha."

"Labda majina yamefanana."

"Yote matatu?"

Kisha akaniambia nisiijibu tena ile namba, yeye ataitangaza kwenye makundi yote ya mkoa kwamba ni ya tapeli.

Sijaweka simu chini, ujumbe mwingine wa sauti ukaingia kutoka Butiama. "Dada, mbona kimya? Mama leo kafurahi kweli, ameota meno mapya." Nyuma yake mtu alikuwa anaamkia, shikamoo bibi, na kisauti chembamba sana kikaitikia marahaba. Niliilaza simu kifudifudi mezani nikahamia jikoni, nikajifanya nina sufuria za kuosha. Niliogopa, sioni aibu kusema.

Niliporudi nikakuta ameandika. "Dada, ongea na mama yako. Mwambie amruhusu mama yangu."

Niliusoma ujumbe ule nimesimama. Mama yangu tulimzika kijijini, Bugwema. Sasa huyu alikuwa ananituma kwa marehemu, kwa niaba ya marehemu mwingine? Hofu ikageuka hasira, na mimi nikikasirika huwa sikai nyumbani. Nikamwomba yule wa Bunda asitangaze kitu mpaka niione sura ya huyo tapeli. Asubuhi nikaenda Butiama.

Niliposhuka nikamuuliza mama mmoja muuza nyanya, nikamtajia yale majina. Akanyoosha mkono. "Nyumba ile ya bati jipya. Yupo, hatokagi."

"Mimi nimeambiwa amefariki."

"Ee, alifariki," akasema, na akaendelea kupanga nyanya zake.

Nikaenda hivyo hivyo. Pembeni ya nyumba kulikuwa na kaburi la saruji, na jina lilikuwa lile lile, yote matatu. Kulizunguka kaburi, kwenye vumbi lililofagiwa asubuhi, kulikuwa na alama za magurudumu. Zilizunguka, zikarudi, zikaingia mlangoni. Nikapiga hodi.

Mwanamke mdogo kuliko nilivyomdhania akachungulia, mikono imejaa unga. "Wewe ndiyo dada wa Musoma? Karibu! Mama, una mgeni!"

Akarudi ndani, na kiti cha mama kikatoka, anakisukuma kwa viwiko. Ndani yake, kati ya mito, alikaa msichana wa umri wa kuanza shule, miguu yake myembamba inaning'inia mbali na pa kukanyagia. Alinichekea. Meno mawili ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yanachomoza.

Nilijiona mjinga wa kutupwa. Mimi ni wa mkoa huu huu. Kaka yangu anamwita mwanawe baba, kwa kuwa kamrithisha jina la baba yetu, na sisi sote tunamwamkia yule mtoto kwa heshima zote. Huyu naye alipewa jina la bibi yake, kwa hiyo kwa mama yake alikuwa mama. Laini ya simu ilikuwa ya marehemu, na hakuna aliyehangaika kuibadilisha.

"Nimekusumbua, dada," mwanamke akasema. "Fundi wa kuchomelea anasema anaweza kukikata kikamtosha, shule zikifunguliwa aanze na wenzake. Hivi kilivyo anaterezaga chini. Ila uliandika ni cha marehemu. Cha marehemu nitakipigaje msumeno, wewe mwenye marehemu hujamwomba ruhusa?"

Nikakitazama kiti. Pa kuwekea mikono, mpira ulikuwa umelika pale mama alipokuwa anapasugua kwa viganja akiongea. Ningeweza kumrudishia hela yake, nikakikunja na kuondoka nacho kizima, na hakuna ambaye angenilaumu. Nilitamani kufanya hivyo. Nilitamani sana.

Nikainama, nikaomba kwa lugha ya kwetu, maana Kiswahili mama alikuwa anakitumia sokoni tu. Nikamwambia amruhusu mama mwenzake.

Fundi alikata mchana ule ule, na mlio wa kile chuma ulinikaa kwenye meno. Alipomaliza tukamkalisha mtoto, miguu ikafika pa kukanyagia. Akashika magurudumu kwa mikono yake mwenyewe, akasukuma mara moja kujaribu, kisha akalipita kaburi na kushika njia ya barabarani.

Mama yake alicheka mwanzoni. Halafu akaona mtoto hapunguzi mwendo. "Mama!" akaita. "Mama, rudi!"

Kiti kilizidi kwenda kimetupa mgongo, na juu ya egemeo hakikuonekana kichwa. Nilikimbia mpaka katikati ya njia, machozi yananitoka, nikaita kwa nguvu zangu zote, mama, mama rudi.