Kwale wangu na jongoo wa baharini

Nilimpika. Nianze na hilo, rafiki, usije ukalisikia kwa wengine: nilimchukua jongoo wa baharini wa ndugu yangu, nikamtia chunguni pamoja na kwale. Juzi mwalimu wa biolojia alimchora mdudu huyo ubaoni, darasa zima likacheka umbo lake. Mimi, mchekeshaji wao, nikainamia daftari. Siku ile ya kumpika, wivu ulinipanda kwanza, aibu ikaja nyuma.

Ndugu yangu huyo, mtoto wa mama mkubwa, alitufikia hapa Kindu, mbali kabisa na bahari, mwaka ule wa vita na mfuko mmoja tu. Ndani, kwenye kitambaa, mlikuwa na jongoo: mkavu, mweusi, mgumu kama kisigino cha koko, bibi yetu. Baba yake alimletea kutoka Dar es Salaam alikokwenda kuchukua bidhaa. Baba mwenyewe vita ilimmeza njiani walipokuwa wakikimbia.

Kabla hajaja, mfalme wa nyumba nilikuwa mimi. Nilitega kwale kwenye mihogo, koko akawapika kwa mawese, na firigisi ikawa yangu, maana kwetu firigisi ni ya aliyetega. Siku aliyofika, koko akampa mgeni. Firigisi yangu! Mtu asiyejua hata kufunga kitanzi!

Nikamchokoza mbele ya watoto wa jirani: "Kwale yangu inaruka. Kidudu yako haina hata macho, inakula muchanga tu!"

"Lakini ikiogopa inatapika matumbo yake yote," akajibu polepole, "kisha inaotesha ingine. Kwale yako ikitoka matumbo, njo mwisho."

Walicheka mpaka mama yangu akachungulia kutoka jikoni. Pilipili ya koko haijawahi kunichoma vile.

Jumapili, wote walipokwenda kanisani, nikasingizia tumbo. Nilitaka waonje wenyewe, waseme nani mtamu. Jongoo akavimba, akalegea kama ndala kuukuu, mchuzi ukanuka hata mbwa akahama.

Waliporudi, ndugu yangu alichungulia chungu. Hakulia. Akaopoa firigisi kwa kijiko, akaiweka kwenye sahani yangu, akatoka nje.

Siku hizi yuko mbali. Shamba la mihogo limejaa nyumba, kwale hawalii tena asubuhi, na hata firigisi ya kuku siili. Yamebaki maneno ya mama, aliyesimama mlangoni Jumapili ile na kile kitambaa kitupu mkononi:

"Ile kidudu inaotesha matumbo ingine. Huyu mutoto ataotesha baba mwengine wapi?"