Muhula Niliokuwa Farasi

Nilikuwa mfanyakazi wa ndani huku Mirdif, katika nchi ya Waarabu, kwa familia yenye asili ya Unguja, binti yao alipoanza shahada ya mambo ya farasi. Chuo kilikuwa ng'ambo, yeye akisomea sebuleni kwa kompyuta. Baba yake alipoelezwa kuwa ni miaka mitatu, farasi tu, alimaliza chai yake akaenda kazini.

Somo la vitendo lilikuja wakati wa joto kali. Banda la farasi alilokuwa akienda lilikuwa limesimamisha wanafunzi mpaka hali ya hewa ipoe, na mwalimu akaandika kwamba asiye na farasi anaweza kujirekodi akimtumia mtu wa nyumbani, mradi hatua zote zifuatwe.

Binti alinikuta napiga pasi.

"Dada, nataka kukuomba kitu, lakini usicheke."

Nilicheka. Kisha nikazima pasi.

Alinifunga bendeji miguuni, kutoka chini ya goti hadi kifundo, akinibembeleza nisitikisike. Akanitembeza kwa kamba kuzunguka meza ya chakula, mimi nikiwa wima, maana tulikuwa tumekubaliana sitatambaa. Kila tukifika kwenye kona alisema, "Hooo, taratibu," na mimi, sijui kwa nini, nilipunguza mwendo. Nyumbani Kitale tulikuwa na punda wa kubeba maji. Hakuna aliyewahi kumwambia taratibu.

Madam alirudi kutoka madukani tukiwa tumefika kwenye kwato. Nimeshika ukuta, mguu mmoja umeinuliwa nyuma, umelala mapajani mwa binti, naye anakwangua soli ya ndara yangu kwa kijiko.

"Mnafanya nini nyinyi?"

"Mtihani, mama. Yeye ndiye farasi."

Madam akanigeukia.

"Ndiyo, madam," nikasema.

"Haya. Msinichafulie zulia."

Maoni ya mwalimu yalikuja wiki ile ile: bendeji ya kushoto imelegea, lakini farasi ametulia na anamwamini anayemshika. Nilifurahi kupita kiasi. Nilimpigia simu dada yangu nikamwambia nimesifiwa na mwalimu wa chuo. Akamshukuru Mungu. Sikumweleza zaidi.

Baada ya hapo likaja somo la ustawi wa farasi. Jioni moja binti alilisoma kwa sauti mezani huku nikipakua wali: farasi asipopumzika huharibika, na akitengwa na wenzake hupata huzuni, huanza kuguguna mbao.

"Mama, na dada huwaona lini wenzake?"

"Wenzake nani?"

"Wakenya."

Madam akatafuna kidogo. "Kwani anaguguna mbao?"

"Bado."

"Basi na aende Jumapili, kabla hajaanza."

Mimi nilikuwa nimeiomba Jumapili tangu nilipofika, na jibu siku zote lilikuwa inshallah. Jumapili ile nilikwenda kanisani, kisha kwa marafiki zangu wanaoishi mtaa wa Silicon Oasis, tukapika chapati. Nilipowasimulia nimepataje ruhusa, walicheka hadi machozi. Halafu mmoja akauliza, bila kucheka, kama binti hahitaji farasi wa pili.

Muhula uliofuata ulikuwa wa kupanda farasi. Alipofungua mdomo tu nikamwambia, "Hapo khalas, basi."

Bahati nzuri joto lilikuwa limepungua, banda likafunguliwa, nikamsindikiza. Walituletea farasi wa kahawia, mrefu kuliko mlango wa jikoni kwetu. Akapiga chafya, yunifomu yangu yote ikalowa. Nilipogeuka, binti alikuwa amejificha nyuma yangu.

"Dada, mshike wewe kwanza."

"Mimi? Mimi sisomi."

Tulisimama nje ya uzio mpaka dereva alipokuja kutuchukua.

Alimaliza shahada hata hivyo, kwa kuhamia upande wa usimamizi, ambako farasi huonekana kwenye picha tu. Sasa anafanya kazi katika ofisi inayopangia farasi safari za ndege, na wanamheshimu sana. Mimi bado niko Mirdif. Jumapili yangu haijaguswa, ingawa kila ninapovaa viatu kutoka, madam hukagua miguu ya meza, kisha huniuliza kama najisikia vizuri.