Mwalimu wa Kwaya na Besi ya Baba Mkwe

Darasa la sita limesimama, madirisha yako wazi kuelekea ziwani, na mwalimu Tiurma Sinurat anagonga meza kwa kijiti cha mwanzi.

"Sauti ya pili, mmelala? Someni namba, msiimbe kwa mazoea!"

Ubaoni kuna namba, moja mpaka saba, ndizo nota zao. Watoto wanacheka, wanaanza upya. Safari hii sauti zinakaa mahali pake, na mwalimu anafumba macho kwa raha.

Tiurma, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, anaongoza kwaya ya kanisa hapa Lumban Tonga, kijiji chetu cha Wabatak kando ya ziwa, na kufundisha muziki katika shule ya msingi. Shule inampa rupia laki sita kwa mwezi, ambazo hazitoshi hata chakula, kwa hiyo Jumamosi yuko sokoni akiuza samaki wa viungo.

"Samaki ndio wananilisha," anasema. "Kwaya inanisaidia nisiwachukie samaki."

Mwaka huu somo lake lilinusurika kufutwa. Aliyetaka lifutwe ni mwenyekiti wa kamati ya shule, mzee Mangasi Gultom, ambaye sote tunamwita Babu Togar kwa jina la mjukuu wake. Huyo ndiye baba mkwe wa Tiurma. Na kwetu mke wa mtu na baba mkwe wake hawasemezani wala hawatazamani usoni. Mmoja akiwa na neno, humtuma mtu, au huuambia ukuta.

Katika mkutano wa wazazi, uliofanyika darasani watoto wakiwepo, mzee alisimama kwa kujiamini.

"Mtoto wa Kibatak anazaliwa anaimba," alisema. "Hilo nalo lina haja ya mwalimu? Saa hiyo wapewe hesabu."

Alipigiwa makofi. Kisha macho yote yakamgeukia Tiurma, naye akaugeukia ukuta.

"Ee ukuta, mwambie Baba kwamba anayezaliwa anaimba ni yule aliyelelewa na wanaoimba. Siku hizi wazazi wako mjini, mtoto analelewa na simu."

Mzee naye akaugeukia ukuta uleule. "Ee ukuta, mwambie mkwe wangu simu nayo inaimba."

Watu waliangua kicheko. Mama Lamria, muuza kahawa asiyejua kunyamaza, akapaza sauti: "Jamani, ukuta wenyewe mtauchosha! Si watoto waimbe tusikie?"

Mzee alikubali, ila kwa sharti. Angeandika ubaoni wimbo alioutunga mwenyewe ujanani, ambao hakuna mtoto aliyewahi kuusikia. Wakishindwa kuusoma, somo limekwisha. Akashika chaki, akaandika mistari minne ya namba, sauti nne, bila kusita.

"Babu Togar," Mama Lamria akamchokoza, "na hizo namba ulizaliwa nazo?"

Mzee alikohoa, akarudi kitini.

Watoto waliusoma. Sauti tatu zilipanda safi kabisa, lakini mstari wa chini ulibaki mtupu, maana hakuna mtoto wa shule ya msingi mwenye besi. Wavulana wakubwa walijaribu, wakatoa vikohozi. Wimbo ukawa unachechemea, na uso wa Tiurma ukaanza kusawijika.

Ndipo kutoka kwenye kiti cha mwenyekiti ikatoka sauti nzito, ya kizee, imara. Babu Togar alikuwa amesimama, anaimba.

Tiurma hakuweza kugeuka. Mzee alikuwa anachelewa kidogo, na watoto walikuwa wanaanza kumwacha. Basi mkono wa kulia aliendelea kuwaongozea watoto, wa kushoto akaupeleka nyuma ya mgongo, akampigia baba mkwe mapigo bila kumtazama. Mzee akayafuata. Wimbo ukasimama kwa miguu yote minne, na wengine wetu tulilia waziwazi, hatukuona aibu.

Ulipokwisha, mzee aliugeukia tena ukuta.

"Ee ukuta," alisema, "mwambie mwalimu kwamba wimbo huu nilimtungia mama wa watoto wangu. Amezikwa bila kuusikia. Kijiji kizima kilijua kuimba, lakini hakuna aliyejua kusoma nota."

Kisha akaomba wanaotaka somo libaki wanyooshe mikono, wa kwanza akiwa yeye.

Sasa Tiurma anazunguka shule za jirani kuomba kila moja itenge saa ya muziki. Nyingine zinampokea, nyingine zinamwambia arudi mwakani, naye anarudi. Anapanga pia kuanzisha kwaya ya wazazi, wajifunze nota pamoja na watoto wao. Babu Togar ameshamtuma mwanawe kusema kwamba mzee mwenyewe atakuja.

"Kumwongoza mtu usiyeruhusiwa kumtazama, hilo sikufundishwa popote," anasema Tiurma, akicheka na kufuta macho kwa wakati mmoja. "Lakini Baba alishindwa kumwimbia mama mkwe wangu wimbo huo kwa kukosa wenzake wa kuimba nao. Mimi nikiwa hai, hakosi tena."