Umeganda, Mwanangu

Mwalimu wa sayansi alikuwa na sauti. Shule nzima ilimwita Tarumbeta, na hata mkuu wa shule aliwahi kupitiwa akamwita hivyo hivyo mbele ya wazazi. Akifundisha mmeng'enyo wa chakula, darasa la upande wa pili wa ukuta nalo lilijikuta linajifunza, litake lisitake. Kisha ugonjwa ukaingia, shule zikafungwa, na sauti yote ile ikabanwa kwenye kona ya chumba cha kulala, mbele ya kompyuta aliyoiweka juu ya meza ya kupigia pasi.

Asikudanganye mtu kwamba kufundisha mtandaoni ni kukaa kitako na kuongea. Wanafunzi walizima kamera. Alitazama visanduku vyeusi vyenye majina, akauliza swali, akangoja, akasikia pumzi zake mwenyewe. Aliviogopa visanduku vile kuliko alivyowahi kumwogopa mkaguzi. Ugonjwa wenyewe ndio usiseme. Tangu mwalimu mwenzake wa jiografia alazwe, hakuwa amevuka geti la nyumba yake. Sokoni alikwenda mumewe, fundi seremala, na akirudi alisimamishwa mlangoni na sabuni utadhani ni mwizi.

"Unaongea na nani humo?" mumewe alimuuliza siku moja.

"Na watoto."

"Mbona hawakujibu?"

Alikuwa anatania tu, lakini maneno yale yalimkaa mkewe rohoni.

Mmoja tu ndiye hakuzima kamera, binti ambaye mwalimu mwenyewe alimpa jina la Cherehani, maana akianza kuongea hakujua pa kuweka nukta. Mama yake alikuwa mfanyausafi hospitalini, na nyumbani kwao, mtaa wa pili kutoka kwa mwalimu, walikuwa wawili tu. Kila asubuhi mwalimu alimtafuta Cherehani kwanza kwenye skrini, na akimwona alipata nguvu ya kuanza.

Halafu Cherehani akaanza kuganda. Waliopitia masomo yale wanalijua neno hilo. Mtandao ukizorota, uso wa mtu hubaki vilevile kwenye kioo, kimya, kama picha ya kitambulisho. Dawa yake ilikuwa moja, na mwalimu aliitoa kutwa nzima.

"Umeganda, mwanangu. Toka, uingie tena."

Picha ilipotea, ikarudi, ikaganda tena. Wenzake wakatuma vikatuni vya kucheka. Mwalimu, kwa furaha ya kuona kuna aliyecheka, naye akakoleza, "Leo cherehani imekatika uzi!" Ukawa ndio mchezo wa wiki ile.

Siku alipokuwa akieleza jinsi moyo unavyosukuma damu, pazia lililokuwa nyuma ya Cherehani lilijaa upepo. Likatulia. Likajaa tena. Mwalimu alikatiza maneno akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Picha iliyoganda haina upepo. Pazia lilikuwa linacheza, mtoto ndiye aliyekuwa hatikisiki. Macho yake yalikuwa wazi, na chozi lilikuwa linateremka shavuni bila kufutwa.

"Tokeni wote," alisema. "Cherehani, wewe baki." Visanduku vilizimika kimoja baada ya kingine.

"Mwanangu, unanisikia? Nipungie mkono basi. Au kidole tu."

Hakuna kitu. Alimwita mumewe, akamnyang'anya simu, akapiga namba ya mama wa mtoto. Simu ikaita sikioni mwake, na ikaita ndani ya kompyuta pia. Hapo ndipo akili ikamfunguka, kwa kuchelewa. Mama alikuwa akimwachia binti simu yake kwa ajili ya masomo, yeye akienda kazini mikono mitupu. Kabla mwalimu hajakata, picha ilizimika, likabaki jina kwenye weusi.

"Nimempoteza," alimwambia mumewe.

Lakini upande wa pili simu ilipokelewa. Zilisikika pumzi tu, fupi fupi.

"Cherehani?"

"Mwalimu. Sijaganda."

"Najua, mwanangu. Sasa najua."

"Kila siku unaniambia nitoke, niingie tena. Natoka, naingia, niko vilevile."

Mwalimu alitaka kulia, akajikaza kisabuni. Alimuuliza kinachomsumbua, na maneno yakaja vipande vipande. Mama akishatoka asubuhi, Cherehani hana njia ya kujua kama yuko salama, maana simu wanayo moja. Siku moja aliingiwa na hofu akakaa bila kutikisika mpaka jioni, na mama akarudi mzima. Basi akaona hiyo ndiyo kinga; kidole cha kutoka na kuingia darasani peke yake hakukihesabu.

"Sasa nimeinua simu sikioni, mwalimu. Nimesogea mwili mzima. Itakuwaje?"

Mwalimu naye hakujua nani atarudi jioni na nani hatarudi.

"Sijui," alisema. "Na mimi naogopa. Usikate simu. Nakuja."

Mumewe alimkodolea macho. "Unakwenda wapi? Wewe?"

"Barakoa yangu iko wapi?"

Fundi akaitafuta, akampa. Mwalimu alitembea hadi getini, akashika komeo, na mkono ukakataa. Upande wa pili wa bati lile kulikuwa na dunia nzima inayokohoa.

"Mwalimu? Mbona umenyamaza?"

"Nimeganda kidogo, mwanangu."

Sauti ya Cherehani ikaja, ndogo, inatetemeka.

"Toka, mwalimu."

Akalivuta komeo.

Barabara ilikuwa tupu, maduka yamefungwa. Alitembea huku akiongea, na kadiri alivyozidi kuogopa ndivyo sauti ilivyopanda. Alitaja kila alichokiona: kibanda cha kinyozi, mbwa aliyelala katikati ya lami, paa jekundu la nyumba wanayokaa Cherehani na mama yake.

"Nakusikia, mwalimu," mtoto alisema.

"Vizuri, simu inashika."

"Siyo kwenye simu. Nakusikia dirishani."

Mwalimu aliinua macho. Pazia la ghorofa ya kwanza lilisogea, na safari hii lilisogezwa na mkono.

Walikaa ngazini kumngojea mama, mmoja juu, mwingine chini, barakoa usoni. Hakuna aliyeacha kuogopa. Kila mara nyayo ziliposikika barabarani, wote wawili waligeuka. Lakini Cherehani alikuwa akitikisa miguu, na mwalimu hakuthubutu kumwambia atulie.